Mnyama wa Goba ni fungo, si rakuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nisahihishe maelezo ya picha ya mnyama aliyekutwa kwenye mtaro wa maji huko Goba, ambaye gazeti lako la Jumanne lilimwita rakuni. Yule ni fungo, ambaye wengine humwita ngawa, na hakuna aliyemleta kutoka ng'ambo.

Kosa lenyewe linaeleweka, kwa kuwa wanyama hawa wote wawili wana weusi machoni kana kwamba wamevaa barakoa, hutoka usiku, na hula karibu kila wanachokikuta, kuanzia matunda hadi mabaki ya jalalani. Lakini rakuni ni wa jamii moja na koati na kinkaju, wanyama ambao asili yao ni Amerika tu. Rakuni walioenea Ujerumani ni kizazi cha waliopelekwa na binadamu, wakiwemo wale walioachiwa karibu na bwawa la Edersee mwaka 1934. Katika ukoo mpana wa wala nyama, rakuni yuko upande wa mbwa na dubu, ilhali fungo yuko upande wa paka, fisi na nguchiro. Anayetaka kuwatofautisha kwa macho atazame miguu: rakuni hukanyaga kwa wayo mzima kama dubu, na vidole vyake vya mbele ni virefu mithili ya vya mkono wa mtoto, lakini fungo hutembea kwa ncha za vidole kama mbwa, na akishtuka husimamisha manyoya meusi ya mgongoni hadi akaonekana mkubwa kuliko alivyo.

Ajabu ni kwamba jamaa wa rakuni tunao humu humu nchini, ila hawafanani naye: nyegere, kicheche na fisi maji wako karibu naye kiukoo kuliko huyo fungo mwenye barakoa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mnyama huyu si mgeni hata katika lugha yetu. Zabadi, ambayo watu wa pwani wanaijua kwa manukato, hutoka kwenye tezi zilizo chini ya mkia wake. Iweje leo tumwazimie jina la Marekani?

Tangu picha ile ichapishwe, vijana wa mtaani kwetu wanavizia jalala usiku wakiwa na marungu, wakidai wanamsaka mnyama wa kigeni. Sisemi fungo abebwe mikononi, maana mnyama pori huuma na kichaa cha mbwa hakichagui. Lakini huyu hula panya, wadudu na hata jongoo, ambao wanyama wengi huwakwepa. Naomba basi uichapishe tena picha hiyo, kwa ukubwa ule ule, na chini yake uandike fungo.

Msomaji wako,
Goba, Dar es Salaam