Hiyo sumu msiimwage

Ujiji, Kigoma
12 Septemba 2025

Rafiki yangu mpenzi,

Mwangaluka! Huku sote wazima. Mama anakusalimu sana na anauliza lini utapanda treni uje akupikie mgebuka.

Ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi. Kwamba mtaani kwenu Isevya, hapo Tabora, watu wamechoshwa na mapaka, mkutano umekaa, na sasa kila nyumba inachanga hela ya sumu. Nakuomba sana, mwone mwenyekiti wenu kabla hiyo hela haijafika dukani.

Sisi tulishafanya hivyo. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, kulikuwa kukavu. Paka wa kule unawajua: matumbo ya samaki na dagaa wanaodondoka kwenye chanja, ndio maisha yao. Boti zilipopumzika wakapandisha hadi majumbani, wamekonda, wakali. Vifaranga vikawa havionekani, na usiku mashume wanagombana juu ya bati mpaka watoto wanaamka wakilia. Vijana wakatia sumu kwenye vichwa vya samaki. Na mimi nilichanga. Asubuhi tukaokota paka, ndiyo, pamoja na kuku watatu wa jirani na mbwa wa mzee mmoja hapa nyuma. Kisha mtoto wa miaka minne akakutwa uani ameshika kimoja cha vile vichwa, hajakitia mdomoni bado. Nikikumbuka mkono ule mdogo natetemeka hadi leo.

Ziwa likafunguliwa, matumbo ya samaki yakarudi, na kabla mwaka haujaisha paka wamejaa kama mwanzo. Ndivyo inavyokuwa: ukiua, chakula kinabaki na nafasi inakuwa wazi, wa mitaa mingine wanahamia. Waliosalia nao wanazaa. Jike hubeba mimba siku kama 63 tu, na akiwa na miezi minne au mitano anaweza kushika mimba.

Kilichotusaidia ni kuwahasi na kuwarudisha pale pale, wakae kwenye nafasi yao lakini wasizae. Tulimbembeleza daktari wa mifugo mpaka akakubali. Seremala akatutengenezea masanduku mawili ya mbao, mlango unaanguka paka akikanyaga ubao wa ndani; chambo ni dagaa wa kukaanga. Akinasa, funika sanduku kwa kanga papo hapo, giza linamtuliza. Usimshike kwa mkono hata awe mdogo kiasi gani. Daktari anamchoma sindano ya usingizi, anamhasi dume au kumfunga jike kizazi, anampa chanjo ya kichaa cha mbwa, na anakata kidogo ncha ya sikio la kushoto, ili tukimwona tujue huyu tayari. Dume anaachiwa kesho yake. Jike tunamkalisha ndani siku mbili tatu kidonda kikauke. Watoto wa paka tunawagawa, na wenye maduka ya nafaka wanawagombea kwa ajili ya panya.

Anzeni na majike! Sisi tulipoteza wiki nzima na madume kwa sababu ndio wenye kelele, kumbe jike mmoja aliyejificha chini ya mtumbwi mbovu akatuzalia watano.

Tangu Februari tumefikisha 23. Usiku sasa tunalala. Wapo walionuna, wakisema tunapoteza muda kwa wanyama wasio na mwenyewe. Mzee mmoja wa msikitini akawakumbusha hadithi ya Mtume kuhusu yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Walinyamaza. Na mwenyekiti wenu akikaza shingo, mwambie ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Mwenye bucha pale kwenu naye afunike pipa lake la mabaki. Bila hilo mtahasi mpaka mchoke.

Jambo la haraka: tarehe 28 mwezi huu ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Nenda mapema ofisi ya mifugo ukaulize kama watachanja, na uwaulize hapo hapo habari ya kuhasi. Sanduku moja nakupakilia kwenye treni wiki ijayo. Niambie tu nani atakuja kulipokea stesheni.

Wako,
mwenzio wa Ujiji