Barua kwa wazazi na vijana wa Kiswahili wa Joensuu, juu ya Wakarelia

Wanangu, ndugu zangu, na ninyi wakwe mlioingia kwetu,

Salamu nyingi. Nawaandikia hadharani kwa sababu nikisema haya kwenye mkutano nakatizwa kabla sijafika katikati, halafu chai inaletwa na neno langu linafia hapo.

Tulipokutana mara ya mwisho, kijana wetu mmoja, ambaye nampenda na ana akili, alisimama akasema watu wa huku hawajui kukimbia ni nini, ndiyo maana hawatuelewi. Mkampigia makofi. Mimi nilikaa kimya, lakini si kwa kukubali. Joensuu hii ya mashariki mwa Finland, na vijiji vyote kuelekea mpaka wa Urusi, imejaa watoto na wajukuu wa wakimbizi. Yule bibi wa ghorofa ya chini anayewakemea watoto wenu kwa kelele za ngazini, muulizeni mama yake alizaliwa wapi. Mkisikia Salmi, Suojärvi, Sortavala au Viipuri, jueni mnaongea na mtu ambaye kwao kuko Urusi leo, na hawezi kwenda hata kufagia kaburi la babu yake.

Kwenye kozi ya lugha tulifundishwa maziwa, sauna na uhuru wa 1917, tukapewa cheti. Habari za Wakarelia hatukupewa, au zilipita siku ambayo tulikuwa kwenye foleni ya ofisi fulani. Basi niwasimulie.

Wakarelia ni watu wa mashariki, na nchi yao imekaa kati ya wakubwa wawili tangu zamani. Mwaka 1323 Uswidi na Novgorod, dola ya Warusi, waliandikiana mkataba wakaigawa. Upande wa magharibi ukafuata kanisa la Roma na baadaye Ulutheri, upande wa mashariki ukabaki wa Kiorthodoksi. Mwaka 1617 Uswidi ikasogeza mpaka tena, na Waorthodoksi wengi wakafungasha wakaenda ndani ya Urusi, mpaka Tver, ambako vizazi vyao vipo hadi leo. Kwa hiyo hata kukimbia kwenyewe hakukuanza juzi. Ya kale nayapita haraka, maana ninachotaka mjue ni cha enzi ya wazee ambao baadhi yao bado wako hai.

Tarehe 30 Novemba 1939 majeshi ya Kisovieti yaliishambulia Finland. Vita vile vya majira ya baridi vilikwisha tarehe 13 Machi 1940 kwa mkataba wa Moscow, na bei yake ilikuwa Karelia: mji wa Viipuri, shingo ya nchi iliyo kati ya Ghuba ya Finland na ziwa Laatokka, na mwambao wa kaskazini wa ziwa hilo. Watu zaidi ya 400,000 wakaondoka, karibu wote waliokuwa wakiishi huko, katika nchi ya watu milioni 3.7. Wengine waliambiwa usiku, wakapewa saa chache. Wazee husimulia jinsi mama alivyofagia sakafu na kuosha vyombo kabla ya kufunga mlango, akijua kabisa atakayeufungua si yeye. Sisi tuliopita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tunawajua mama wa namna hiyo.

Halafu wakarudishwa. Vita vikaanza tena mwaka 1941, Wafini wakaichukua Karelia, na watu kama 280,000 wakarejea kwao. Wakakuta nyumba nyingi zimeungua, wakajenga upya, wakapanda viazi. Kiangazi cha 1944 mashambulizi yakaja makubwa kuliko ya kwanza, wakakimbia mara ya pili, na safari hii hawakurudi tena. Barabara zilijaa ng'ombe wakiswagwa kwa miguu, siku baada ya siku, wanawake na watoto nyuma yao. Ng'ombe asipokamuliwa anaumwa, kwa hiyo waliwakamua kando ya njia, na maziwa yakamwagwa kwa kukosa pa kuyaweka. Mfugaji yeyote wa kutoka Minembwe, kule milimani Kongo, akisikia hivyo hahitaji kuelezwa zaidi.

Waliitwa evakko, yaani waliohamishwa. Mwanzoni walipangiwa chumba katika nyumba za wenyeji, na mwenye nyumba hakuulizwa kama anapenda. Mwaka 1945 Bunge likapitisha sheria ya ardhi: mashamba yakatolewa kutoka kwa serikali, manispaa, makanisa, makampuni na wakulima wakubwa, wakagawiwa evakko na askari waliorudi vitani. Wakapangwa kwa parokia, watu wa kijiji kimoja wasitawanyike. Wa shingo ya nchi walipelekwa zaidi kusini na magharibi; Waorthodoksi wengi wa mpakani wakaletwa Savo na Karelia ya Kaskazini, yaani huku kwetu. Na wakati huohuo nchi ilikuwa inailipa Urusi ya Kisovieti fidia ya dola milioni 300 kwa bidhaa, ikamaliza mwaka 1952. Nikilisikia bunge lolote likisema nchi yake haina nafasi kwa wageni, nawakumbuka hao.

Msidhani walipokelewa kwa nyimbo. Mkulima aliyekatiwa shamba lake ampe mgeni hafurahi, awe Mfini au awe Mbembe wa kwetu Kongo. Waorthodoksi walionja zaidi. Walikuwa na sanamu takatifu kwenye kona ya chumba, na walijipiga ishara ya msalaba kabla ya kula. Watoto wao wakaitwa "ryssä", tusi la kumwita mtu Mrusi, na wanaowaita hivyo walikuwa raia wenzao ambao baba zao walipigana kwenye mahandaki yaleyale. Familia nyingi zikabadili majina ya ukoo yaliyosikika kama ya Kirusi.

Hapa sasa ndipo penye shauri langu, na ninaomba mnisikilize vizuri.

Wengi wa evakko walisema Kifini, cha lahaja ya "mie" na "sie" mnachokisikia hapa mjini kila siku. Lakini wale wa Karelia ya mpakani, wa Salmi, Suojärvi, Suistamo na Impilahti, walikuwa na Kikarelia. Ni ndugu wa Kifini, lakini ni lugha kamili, si Kifini kilichoharibika. Hakukuwa na sheria iliyowakataza kukisema. Kilichotokea ni kwamba wakubwa wa elimu walikihesabu kuwa lahaja tu, shule haikukifundisha, watoto wakachekwa uwanjani, na wazazi wakaamua wenyewe: tuseme Kifini na mtoto, asihangaike. Waliamua kwa upendo. Baba na mama wakaongea Kikarelia wao kwa wao jikoni, mtoto akasikia, akaelewa, hakukijibu. Mtoto wa huyo mtoto hakuelewa kabisa. Leo wanaokisema vizuri nchini ni elfu chache, na wengi ni wazee kama mimi.

Mwaka 2009 serikali ndiyo kwanza ikakitambua rasmi miongoni mwa lugha za wachache zinazolindwa. Chuo Kikuu cha Finland Mashariki, kile mnachopita mbele yake mkienda kazini, kinakifundisha, na redio ya taifa inatoa habari za Kikarelia tangu 2015. Nawapongeza. Lakini mwone gharama yake: maprofesa, fedha za serikali, watu wazima wenye mvi wakijifunza kwa daftari maneno ambayo bibi zao waliyasema bure wakipika.

Na kupika hakukupotea. Jirani yangu mmoja, mama wa asili ya Salmi, alinifundisha karjalanpiirakka mezani kwake. Unga ni ule mweusi wa nafaka waiitayo ruis, maji na chumvi, basi. Unakata donge dogo na kulisukuma kwa kijiti chembamba kiitwacho pulikka mpaka liwe jembamba kuliko chapati yoyote niliyowahi kuona; alininyanyulia kimoja dirishani, mwanga ukapita. Katikati unatandaza uji mzito wa mchele uliochemshwa kwa maziwa. Zamani ilikuwa shayiri, maana mchele hauoti Laatokka, ulikuja na wafanyabiashara. Kisha unakunja kingo na kuzifinyafinya kwa vidole viwili, haraka, kutoka katikati kwenda pembeni. Za kwangu zilifanana na viatu. Tanuri lazima liwe kali kabisa, na zikitoka zinapakwa siagi iliyoyeyushwa na kufunikwa kitambaa ili zilainike. Zinaliwa na siagi iliyopondwa pamoja na mayai ya kuchemsha. Evakko walisambaa nchi nzima na chakula hiki kikasambaa nao. Sasa kinauzwa kila kituo cha mafuta, na tangu 2003 Umoja wa Ulaya unalilinda jina lake.

Yule mama anafinya ishirini kwa dakika chache, bila kutazama. Nikamuuliza kama anasema Kikarelia. Akajibu anajua sala moja na maneno ya kumfukuza paka.

Tazameni sasa nyumba zetu. Sombe, yaani kisamvu, tunapika, ndagala, yaani dagaa, tunaagiza mpaka Helsinki, vitenge tunavaa harusini na tunapendeza. Lakini mtoto anaulizwa kwa Kiswahili, anajibu kwa Kifini, na sisi tunacheka na kuwaambia wageni, "amekuwa Mfini huyu!" Chakula hakihitaji mlinzi, kwa sababu ni kitamu, mtoto atakitaka tu. Lugha ndiyo inayoondoka bila kuaga. Nimeshasikia mama mmoja akisema anamwachia mtoto Kifini tupu ili asichelewe shuleni. Mama, walimu wa sasa hawasemi hivyo. Hayo ni maneno ya mwaka 1946.

Sitaki pia mtu aniambie nalinganisha kila kitu. Evakko walikuwa raia, walipata shamba kwa sheria, na ngozi yao haikuwaonyesha barabarani. Mjini hapa miaka ya 1990 vijana wenye vichwa vilivyonyolewa waliwapiga watu weusi, na waliotutangulia bado wanakumbuka mitaa ya kuepuka. Sishangai ikiwa miongoni mwa vijana wale walikuwemo wajukuu wa evakko. Bibi aliyenyamaza ili mjukuu aishi kwa amani hakupata pia nafasi ya kumsimulia kwamba yeye mwenyewe alitupiwa mawe njiani kwenda shule.

Wanachojua vizuri Wakarelia ni kuomboleza na kukusanyika. Wana mbolezi zao, ambazo wanawake waliimba msibani na hata arusini bibi harusi alipoondoka kwao, na ndani yake mama hatajwi waziwazi, huitwa kwa mzunguko, yule aliyenibeba. Mwezi Julai Ilomantsi wana sikukuu ya Nabii Eliya, misa kisha kula na muziki, na mgeni hafukuzwi. Nendeni. Watawa wa Valamo nao walihamishwa kutoka kisiwa chao cha Laatokka mwaka 1940 wakaanza upya Heinävesi, si mbali na hapa. Wakaribishaji wazuri pia. Na tangu Aprili 1940, mwezi mmoja tu baada ya kupoteza nchi, Wakarelia walishaunda umoja wao, ambao upo hadi leo. Umoja wa kwetu una miaka michache na tumeshagombana juu ya mweka hazina.

Baada ya 1990 walipata nafasi ya kwenda kwa mabasi kuangalia vijiji vyao. Wengi walikuta msingi wa mawe na kichaka cha maua kilichopandwa na bibi, wakarudi na udongo kwenye mfuko. Mwisho wa 2023 Finland ilifunga vituo vyote vya abiria vya mpaka wa mashariki, safari hizo zikakatika. Uvira, mji wetu kule Kongo, inatuuma, lakini kwenu bado kuna mtu wa kupokea simu.

Kwa hiyo nataka mambo mawili kwenu. La kwanza, rekodini wazee. Kulikuwa na mama mmoja fukara, Larin Paraske, aliyeishi Sakkola na kufa mwaka 1904. Hakujua kusoma, lakini alikuwa na mistari ya nyimbo zaidi ya 30,000 kichwani, na tunaijua leo kwa sababu mchungaji mmoja aliketi naye miaka mingi akaandika. Ninyi hamhitaji hata kalamu, simu mnayo mkononi usiku kucha. Mama Furaha wa jengo letu ana hadithi za sungura na fisi ambazo sijazisikia kwa mwingine, na mwaka huu amelazwa mara mbili.

La pili ni shule. Sheria ya hapa inairuhusu manispaa kupata fedha za kufundisha lugha ya nyumbani, kwa kawaida vipindi viwili kwa wiki, na kundi huanza na watoto wanne. Wanne! Jengo letu peke yake wanazidi kumi. Mwalimu anatafutwa baada ya maombi kuwepo, si kabla, kwa hiyo msiniambie "mwalimu hayupo". Muulizeni mwalimu wa darasa fomu ya "oman äidinkielen opetus", na pale wanapouliza lugha ya nyumbani andikeni Kiswahili, msiandike Kifaransa kwa sababu kinasikika vizuri.

Asiyeweza kuijaza aje nayo Jumapili baada ya ibada. Nitakuwa safu ya nyuma, karibu na redieta, na miwani nitakuwa nayo.

Mzee wenu,
Joensuu