Mafuriko ya bondeni yanaanzia mlimani

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 20 bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini taarifa ya wiki iliyopita kuhusu mafuriko ya Mabatini, hapa jijini Mwanza, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu aliwalaumu watu waliojenga kando ya Mto Mirongo, akakumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hilo ni kweli na silipingi. Ila hakuinua macho kutazama mlimani, ambako maji hayo yanatoka.

Nyumba yangu haiko ukingoni mwa mto. Iko chini ya mlima, na kwenye kiwanja kilicho juu yake palikuwa na jiwe kubwa lenye mkuyu uliojishika kwenye ufa wake na majani marefu pembeni. Mvua iliponyesha, maji yalilizunguka jiwe, yakapunguzwa kasi na majani, yakanifikia yamechoka. Miaka miwili iliyopita, jirani aliyenunua kiwanja hicho alilichoma jiwe kwa matairi siku tatu mfululizo, masizi yakitua kwenye nguo nilizoanika, kisha vijana wakaligonga kwa nyundo mpaka likawa kokoto. Mkuyu nao ukakatwa. Akajenga nyumba nzuri, akausakafia ua wote kwa zege, na mahali pa kutokea maji akaacha tundu moja la bomba la inchi nne linalotazama mlango wangu wa jikoni. Masika iliyofuata, saa nane usiku, niliamka nikakuta sufuria zinaelea, gunia la mkaa limeanguka na kutapakaa, na tope limepanda ukutani hadi kwenye soketi ya umeme. Alama yake ipo mpaka leo, kwa kuwa chokaa niliyoipaka haikuificha. Nilipompelekea malalamiko alinijibu kwa heshima kabisa, "Mama, mvua ni ya Mungu." Nikamwambia mvua ni ya Mungu, lakini bati ni lake. Bati lenye eneo la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 tu, linamwaga lita 5,000, na hapo sijahesabu ua. Zamani udongo uliyanywa maji hayo. Sasa ninayanywa mimi na walio chini yangu. Na kiangazi, mabomba yanapokauka, jirani huyohuyo hununua maji kwa madumu kama sisi wengine!

Kuna na hili la kutapisha vyoo, yaani kuvifungua ili mvua izoe kinyesi. Wingu likitanda, utasikia mifuniko ikifunguliwa huku na kule, na kinyesi hushuka ngazini wanapochezea watoto, kikaingia Mirongo, kikaishia Ziwa Victoria, ambalo ndilo linalolinywesha jiji zima. Anayejenga choo juu ya mwamba usiochimbika anajua tangu siku ya kwanza kwamba ataitegemea mvua imzolee.

Ninaomba halmashauri isitoe kibali cha kujenga mlimani mpaka ramani ioneshe kwa mshale maji ya bati yanaelekea wapi na choo kitanyonywa kwa njia gani. Kila nyumba iwe na mifereji ya bati na tangi la lita 5,000, nusu ya ua ibaki udongo wenye majani, na jiwe lisilozuia msingi liachwe lilipo. Penye mteremko mkali, mawe yapangwe kuwa kingo za kuushika udongo, kama Wakara walivyokinga mashamba yao kisiwani Ukara, katika Ziwa Victoria, tangu zamani bila kusubiri mfuko hata mmoja wa saruji. Na mkaguzi asisaini akiwa ofisini: apande mwenyewe, siku ya mvua, asimame chini ya tundu la bomba, ndipo atie saini.

Mkazi wa Mabatini,
Mwanza