Risala ya Kikundi cha Wahudumu wa Vidonda Sugu, Moshi, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi wa serikali na wa dini, madaktari, wauguzi, wafamasia, wagonjwa wetu na ndugu waliowasindikiza, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe kwa kukubali mwaliko wetu. Karibu sana Kilimanjaro.

Kikundi hiki kilianzishwa na wauguzi na wafamasia wanaohudumia vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, vidonda vya kulalia na vya waliopona ukoma. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa: tuna katiba, akaunti ya benki, kabati lenye kufuli, na rejesta ambamo kila kidonda hupimwa urefu na upana kila wiki. Huduma yetu inajulikana kuanzia Pasua hadi Kibosho.

Mheshimiwa, kilichotuleta mbele yako ni fenitoini. Dawa hii ilianza kutumika kutibu kifafa mwaka 1938, na haukupita muda ikaonekana kwamba fizi za baadhi ya wanaoimeza huota nyama kupita kiasi. Hapo watafiti wakajiuliza kama inaweza pia kuotesha nyama kwenye kidonda kilichogoma kufunga. Ikiwekwa juu ya kidonda, huchochea seli zinazotengeneza kolajeni, yaani protini inayojenga nyama mpya. Majaribio mengi yaliyofanyika duniani ni madogo, kwa hiyo sisi hatuiuzi kama muujiza. Ni nyongeza baada ya kidonda kusafishwa, sukari kudhibitiwa na mguu kupumzishwa usikanyagiwe. Daktari ndiye huamua, na mgonjwa huelezwa kwamba dawa hii ni ya kifafa, naye akaridhia.

Kidonda kisichozidi sentimita 5 za mraba huwekewa miligramu 100, yaani kapsuli moja; kinachozidi 15 hufikia miligramu 300. Unga huchanganywa na mililita 5 za maji ya chumvi yasiyo na vijidudu, shashi ikaloweshwa humo, ikalazwa juu ya kidonda kilichokwisha kuondolewa nyama iliyokufa, ikafungwa na kubadilishwa kila siku. Unga hauyeyuki wote: usipotikisa hutuama chini na shashi ikabeba maji matupu. Dawa ya sindano ya fenitoini haifai kuwa mbadala, maana ina pH ya karibu 12, yaani ukali wa magadi mengi, pamoja na alkoholi, nayo huunguza nyama. Nyama ikipita usawa wa ngozi, dawa husimamishwa. Mfupa ukiwa umeoza, au damu haifiki mguuni, hilo ni la daktari wa upasuaji.

Sasa, Mheshimiwa, tufike kwenye shida yenyewe. Kapsuli tunazofungua ni zile zile za wagonjwa wa kifafa. Kidonda kikubwa kimoja humaliza kapsuli 3 kwa siku, 90 kwa mwezi, na hicho ndicho kipimo cha kawaida cha mtu mzima mwenye kifafa. Akikosa dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma, na likamuua. Hatuko tayari kufunga kidonda cha mmoja kwa kumwangusha mwenzake kwenye moto wa jikoni. Kwa hiyo kapsuli zikipungua, sisi ndio tunaoacha, na nyama iliyokuwa imeanza kuota husimama.

Tiba ya tatizo hili ni chumba cha kuchanganyia dawa. Tunahitaji poda safi ya fenitoini sodiamu, iliyoagizwa kwa taratibu za mamlaka ya dawa, ambayo haitoki kwenye fungu la kifafa. Poda haipimwi kwa kijiko: tunaomba mizani inayosoma hadi gramu 0.001, kwa sababu ile inayoishia gramu 0.01, ukipima miligramu 100, hatua yake moja tu ni asilimia 10 ya dozi nzima. Tunaomba otoklevu ya kutakasia shashi na vyombo, meza ya chuma isiyoshika kutu, na sinki lenye maji ya uhakika. Chumba chenyewe kipo. Hakina dari, maji wala umeme.

Mheshimiwa, tunasema haya kwa heshima kubwa. Ombi hili si geni. Mgeni rasmi aliyetangulia alisomewa orodha hii hii, akaahidi mizani na otoklevu, tukapiga makofi na kumvika shada. Barua zetu za kumkumbusha zina muhuri wa kupokelewa. Majibu hazina. Waliokuwa wakisubiri vifaa hivyo wapo wanaokusikiliza leo wakiwa na bandeji mguuni.

Kwa hiyo hatuombi ahadi nyingine ya jukwaani. Tunaomba kabla hujaondoka utuachie kwa maandishi nani atanunua, kwa fungu lipi na kufikia tarehe gani, na umtaje afisa mmoja ambaye mfamasia wetu atamfuata. Orodha ya vifaa na vipimo vya chumba tumeviambatisha kwenye nakala uliyokabidhiwa, ukurasa wa pili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.