Usinunue Ruta Nyingine Bado: Barua kwa Swahiba Aliyeko Lindi

Shangani, Mtwara
Oktoba

Swahiba wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani, na mama naomba umfikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini, kwa sababu naelewa maana ya kompyuta kukosa mtandao katika ofisi ya uhasibu wakati huu ambapo msimu wa korosho umefunguliwa na makarani wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, wanakaa barazani kwenu wakisubiri orodha za wakulima wao zichapwe. Umeniuliza jambo moja tu, nalo ni ruta, yaani kifaa cha kuzigawia kompyuta intaneti, ya aina gani uinunue badala ya hiyo mliyo nayo. Jibu langu ni kwamba usinunue ruta yoyote kwa sasa, na ninaandika kwa urefu ili nikueleze sababu.

Nimeyapanga upya yale uliyonieleza. Umesema kwamba kompyuta hazikatiki zote kwa pamoja: leo iliyo karibu na mlango inafanya kazi na ya jirani yake haifanyi, kesho mambo yamegeuka. Umesema kwamba kompyuta inapokosa intaneti hukosa pia printa, ingawa printa imo humo humo ndani. Umesema kwamba umeme ukikatika na kurudi, hali huwa mbaya zaidi. Tena umesema kwamba fundi wa kampuni inayowaletea intaneti alikuja, akachomeka kompyuta yake mwenyewe kwenye ruta kuu, akapata mtandao vizuri, akaondoka zake akisema laini ni nzima. Mimi naamini alisema kweli. Kama intaneti ingekuwa inakatikia huko nje, ofisi nzima ingeikosa kwa wakati mmoja, na printa ingeendelea kuchapa kama kawaida, kwa kuwa karatasi inayotoka mezani kwako kwenda kwenye printa haina haja ya kutoka nje ya jengo hata hatua moja. Hilo la printa ndilo lililoniondolea shaka kwamba tatizo limo ndani.

Halafu ipo sentensi uliyoiandika karibu na mwisho, kwa kupitia tu, kwamba mlipofungua chumba cha nyuma kijana wenu alileta ruta ndogo iliyokuwa haina kazi nyumbani kwao na kuichomeka kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha nyaya za kompyuta zote, ili chumba hicho kipate waifai. Nakuomba tukae hapo, maana sehemu kubwa ya barua hii inahusu kifaa hicho.

Kila kompyuta inapowashwa huwa haina anwani, yaani namba ya kuitambulisha katika mtandao, kwa hiyo hutoa ombi linalofika kwa kila kifaa kilichomo katika mtandao, na kifaa chenye huduma ya kugawa anwani, ambayo mafundi huiita DHCP, huijibu kwa kuipa mambo makuu matatu: namba yake yenyewe, namba ya lango la kutokea kwenda nje, na namba ya seva, yaani kompyuta ya huduma, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Mtandao mdogo kama wenu unatakiwa kuwa na mgawaji mmoja tu wa anwani hizo. Lakini karibu kila ruta ndogo hutoka kiwandani ikiwa na huduma hiyo imewashwa tayari, na ukiichomeka kwenye swichi kwa kutumia mojawapo ya matundu yake ya ndani, nayo huanza kugawa bila kumuuliza mtu. Hapo ofisi inakuwa kama mtaa wenye wenyeviti wawili wanaogawa viwanja, kila mmoja na daftari lake. Tuchukulie kwamba ruta kuu inagawa anwani zinazoanza na 192.168.1 na ile ndogo inagawa zinazoanza na 192.168.0, kwa sababu hizo ni namba ambazo viwanda vingi huziweka. Kompyuta iliyojibiwa na ruta kuu itapata kila kitu. Iliyojibiwa na ruta ndogo itapewa lango ambalo ni ruta ndogo yenyewe, na ruta hiyo haina njia ya kwenda nje kwa kuwa tundu lake la intaneti liko wazi, halina waya. Hata printa haitaonekana, kwa kuwa printa imebaki upande wa namba za ruta kuu na kompyuta inaamini kwamba hizo ni namba za mtandao mwingine.

Sasa utaona kwa nini umeme ukirudi mambo huharibika. Ruta, swichi na kompyuta zote huwaka upya kwa pamoja na kila kompyuta huulizia anwani, na kwa kawaida hupokea jibu linaloifikia kwanza. Ruta ndogo isiyo na kazi nyingi inaweza kuamka mapema kuliko ile kuu, ambayo hulazimika kwanza kujiunga na laini ya kampuni, na kwa hiyo ikazipata kompyuta nyingi kabla mwenzake hajawa tayari. Siku isiyo na katizo la umeme, kompyuta nyingi huendelea na anwani zilizokuwa nazo, mkadhani tatizo limejiponya.

Haya yote bado ni dhana yangu, nami nisingependa uguse kitu chochote kwa kuamini dhana ya mtu aliye mbali. Subiri mpaka ziwepo kompyuta mbili kwa wakati mmoja, moja inayofanya kazi na nyingine isiyofanya. Katika kila moja, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha katika dirisha jeusi litakalofunguka andika ipconfig /all. Yatatoka maandishi mengi, nawe utafute mistari minne tu: IPv4 Address, Default Gateway, DHCP Server na DNS Servers. Ulinganishe mistari hiyo ya kompyuta moja na ya mwenzake. Endapo mstari wa DHCP Server unaonyesha namba mbili tofauti, basi wagawaji wawili wamekamatwa wote kwa ushahidi wa maandishi, na hakuna ruta mpya ambayo ingeponya ugonjwa huo. Pengine ungeongeza mgawaji wa tatu.

Dawa yake ni nyepesi. Chomoa ruta ndogo kutoka kwenye swichi, iunganishe na kompyuta moja peke yake kwa waya, kisha fungua ukurasa wake wa mipangilio kwa kuandika katika kivinjari anwani iliyobandikwa chini ya kifaa hicho pamoja na nywila yake. Kwanza badilisha anwani yake ya ndani iwe ya ukoo mmoja na ruta kuu, mathalani 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha kwamba namba hiyo haimo katika zile ambazo ruta kuu inazigawa. Ingia tena kwa anwani hiyo mpya, uzime huduma ya DHCP, na ubadilishe nywila ya kiwandani ukiwa humo humo. Kisha irudishe kwenye swichi kwa tundu la ndani, kama ilivyokuwa. Itabaki ikitoa waifai, na anwani zote zitatoka kwa ruta kuu. Katika kompyuta zilizokuwa zimepotea, andika ipconfig /release halafu ipconfig /renew, au uzizime na kuziwasha tu. Printa nayo ipe anwani isiyobadilika, nje ya zile zinazogawiwa, kwa sababu printa inayobadilishiwa namba kila umeme unaporudi ni usumbufu usio na sababu.

Inawezekana kwamba utaangalia na usikute namba mbili tofauti za DHCP Server. Kuna alama moja ya kuitazama hapo: anwani inayoanza na 169.254. Hiyo haikugawiwa na mtu. Windows hujipa yenyewe baada ya kuuliza na kukosa jibu lolote, na kwa hiyo hukuambia kwamba baina ya kompyuta hiyo na ruta pana pengo, mara nyingi la waya, tundu la swichi au swichi yenyewe.

Kwa hali kama hiyo, na hata kwa nyingine, mimi hupenda kupima kutoka karibu kwenda mbali kwa amri ya ping, inayotuma ujumbe mdogo kwa kifaa na kusubiri jibu, ambayo Mmarekani Mike Muuss aliiandika mwaka 1983 na mpaka leo sijaona chombo chepesi kinachoishinda kwa kazi hii. Anza kwa kuandika ping katika lile dirisha jeusi, ukifuatisha namba ya lango lenu. Lisipojibu, acha kufikiria intaneti kabisa na shughulika na waya. Likijibu, andika ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyoko nje. Hiyo ikinyamaza ilhali lango linajibu, angalia ruta kuu na laini ya kampuni. Ikijibu, lakini tovuti kwa majina yake hazifunguki, tatizo liko kwenye ile seva ya kugeuza majina, na ndiyo maana nilikutaka uutazame mstari wa DNS Servers. Ofisi nyingi hulipa mafundi kwa sababu hatua hizi chache hazikufanywa, na jambo hilo huniumiza, maana pesa hiyo ni ya watu wenye ofisi ndogo.

Kuhusu waya nina neno la kusisitiza kwa sababu Lindi, kama Mtwara, iko pwani. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na vile vidole vidogo vya shaba vilivyomo katika kichwa cha waya huanza kuota ukungu wa kijani, hasa katika chumba ambacho madirisha hukaa wazi kuelekea bahari. Waya wa aina hiyo hushika asubuhi na kuachia mchana, ukamchosha mtu kwa kumdanganya. Vitazame vichwa vyote kwa tochi. Kitazame pia kile kilimi cha plastiki kinachofunga kichwa ndani ya tundu, kwani kikivunjika waya hulegea mtu anapogusa meza. Waya unaopita chini ya mkeka au chini ya magurudumu ya kiti uondoeni hapo hata kama haujaleta shida. Ndani ya kila waya mna nyaya ndogo nane. Mtandao wa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia nne tu, ilhali ule wa gigabiti moja huzihitaji zote, kwa hiyo waya uliojeruhiwa unaweza kuendelea kufanya kazi kwa kasi ya chini bila mtu kujua. Urefu wa waya mmoja usizidi mita 100, ingawa kwa jengo lenu hilo halina wasiwasi.

Ukibadilisha waya, tumia ule uliokwisha kuuona ukifanya kazi kwenye kompyuta nyingine, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtu akibadilisha waya, tundu la swichi na mipangilio kwa mkupuo, hata akifanikiwa hatajua alichokiponya. Tazama pia kama kuna waya ambao ncha zake zote mbili zimechomekwa katika swichi moja, maana katika swichi ndogo za kawaida hilo hufanya ujumbe uzunguke bila kikomo, taa zote zikapepesa kwa kasi na ofisi nzima ikasimama.

Kompyuta ile ya zamani yenye vitabu vya hesabu, ambayo umesema hukataa kufungua tovuti za serikali na za benki wakati tovuti nyingine zinafunguka, naona ina ugonjwa wake peke yake. Angalia tarehe yake. Betri ndogo iliyo kwenye ubao mkuu ndani ya kompyuta ikiisha nguvu, kompyuta husahau tarehe kila umeme unapokatika na kurudi mwaka wa zamani, na tovuti zenye ulinzi huikataa kwa kuwa vyeti vyao vinaonekana kama bado havijaanza kutumika. Betri ya CR2032 ndiyo inayotumika katika nyingi, na fundi yeyote wa hapo mjini anaweza kuibadilisha.

Wakati mwingine, hata hivyo, kosa huwa si lenu. Utakumbuka Mei 2024, siku chache baada ya kimbunga Hidaya, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Siku kama hiyo lango litajibu, printa itachapa, na mafaili yatapita baina ya kompyuta zenu bila shida. La nje tu ndilo litakalokwama. Ukiona picha hiyo, waambie makarani ukweli, endeleeni na kazi za ndani, na wala msiguse mipangilio ya ruta.

Ninachoomba kwako ni picha za simu za yale maandishi ya ipconfig /all kutoka kompyuta mbili nilizozieleza, zikipigwa kabla hamjachomoa chochote. Kama mistari ya DHCP Server inatofautiana, fanyeni kazi ya ruta ndogo jioni, makarani wakishaondoka, na kijana wenu ndiye aifanye kwa mikono yake huku wewe ukimsomea barua hii. Msimlaumu, kwa kuwa alitaka chumba cha nyuma kipate mtandao na kifaa chake kitabaki kufanya kazi hiyo hiyo. Kama haitofautiani, na lango halijibu hata baada ya kubadilisha waya, niarifu mapema nipande basi la Jumamosi nije na kipima waya changu, tukague waya mmoja baada ya mwingine.

Ni mimi swahiba wako wa siku zote,
Mtwara