Noeli Njema na Bonane: mpango wa kazi uvuke Machi

Wababa, wamama na ndugu vijana wa Lubumbashi, kuanzia komuni za Kenya na Katuba hadi Ruashi na Kampemba, Noeli njema na Bonane, yaani mwaka mpya mwema! Heri kwenu mtakaosali misa ya usiku mvua ikipiga mabati, na heri zaidi kwenu mtakaokuwa zamu migodini, hospitalini na mpakani Kasumbalesa wakati wengine wako mezani.

Majira haya yana nguvu yake. Mwaka 2014 Hengchen Dai na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba watu huamka kushughulikia malengo yao mwanzoni mwa juma, mwezi au mwaka, maana tarehe hizo huwapa hisia ya kuyaacha nyuma makosa ya zamani. Ndiyo sababu siku hizi wengi wanaandika: nitajifunza Kiingereza, nitamaliza mafunzo ya umeme, nitaijua Excel. Andikeni. Ila hamu hiyo haikai. Kufikia Machi inapungua kwa kila mtu, hodari na mlegevu. Tunawaomba muitumie sasa, ingali moto, kupanga mambo yatakayowasukuma siku ambayo hamu hiyo haipo.

Kwanza punguzeni. Chagueni ujuzi mmoja kwa majuma 12, mkauandike kama kazi inayoonekana. “Kuboresha Excel” haina mwisho. “Ifikapo mwisho wa Machi, ripoti ya stoki ya mwezi nitaitoa mwenyewe bila kusaidiwa” ina mwisho, na shefu anaweza kuikagua. Vikao vitatu vya dakika 40 kwa juma vinatosha: ni saa 2, na kwa majuma 12 ni saa 24. Anayejipangia saa mbili kila usiku huvunjika juma la pili, kwa kuwa hakuwahesabu wageni, mtoto mgonjwa na uchovu wa zamu.

Kisha kila kikao kifungwe kwenye jambo ambalo tayari hutokea. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 nguvu ya kuamua mapema kwa mtindo wa “ikitokea hivi, nitafanya hivi”. Kwa mfano: “Jumanne, nikimaliza chai ya asubuhi, nafungua somo kabla ya kusoma ujumbe wa simu.” Hapa kwetu ongezeni sentensi ya pili: “Umeme ukikatika, nachukua karatasi nilizochapisha.” Wengi huacha masomo kwa sababu video haifunguki, megabaiti zimekwisha, na jioni ya tatu wanajiona wameshindwa, kumbe hawakuwa na njia ya pili tu. Pakueni masomo ya mwezi mzima kwa siku moja, mahali penye intaneti nzuri, na mchapishe kurasa za mazoezi.

Fedha nayo ina wakati wake. Ada ya mafunzo, iwe ni INPP (taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi) au kwingine, itengwe kabla ya ununuzi wa sikukuu, hata kama ni nusu. Baada ya Bonane mifuko imekauka, na minervali (karo ya shule) ya watoto inasubiri.

Tazameni pia kalenda ya siku za mapumziko. Tarehe 4 Januari ni ya Mashahidi wa Uhuru, 16 ni ya Laurent-Désiré Kabila, na 17 ni ya Lumumba, aliyeuawa karibu na mji wetu huu mwaka 1961. Amueni leo kama siku hizo mtasoma asubuhi au mtapumzika, ili pengo lisiwakute bila uamuzi.

Na mkikosa kikao? Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96, wakatoa matokeo mwaka 2010: tabia mpya ilichukua kadiri ya siku 66 kuzoeleka, kwa wengine 18, kwa wengine hata 254. Kukosa mara moja hakukuharibu kitu. Hatari iko kwenye kukosa mara ya pili mfululizo, na kwenye kutaka kulipa deni la saa zilizopotea, maana kikao kijacho kinakuwa kirefu na kizito hadi mtu anakikimbia. Samehe kilichopita, fanya dakika 40 zako.

Tunalolisisitiza kuliko yote ni kuunda likelemba ya ujuzi, yaani kikundi cha kupeana zamu kama upatu wa fedha. Watu wanne, saa moja, kila baada ya majuma mawili, tuseme Jumapili baada ya ibada. Mwenye zamu anawafundisha wengine kwa dakika 20 jambo alilojifunza, wanamuuliza, kisha kila mmoja anataja kazi moja atakayoileta imekamilika. Kama katika likelemba ya fedha, hukosi kwa wepesi ukijua wenzako wanakungoja. Tena anayejua atafundisha husoma kwa makini zaidi. Msizidi watano, la sivyo zamu huchelewa na watu hutoweka. Epukeni pia kuwaweka pamoja wanaogombea cheo kimoja, kwa kuwa watafichana wasichokijua.

Mwisho wa Januari mwombeni shefu dakika 15. Msiombe sifa, ombeni kazi halisi ya kutumia ujuzi ndani ya juma lile lile mlilojifunza. Breve (vyeti) nyingi zimetundikwa ukutani mjini hapa huku mikono ya wenyewe imeshasahau, na hilo linatuuma kweli.

Wasalimieni wazee nyumbani. Majina ya wenzenu watatu wa likelemba myaandike kabla ya tarehe 31.