Shoga, vitabu navyo usome

Shoga yangu Zuhura,

Za huko? Mama na watoto hawajambo? Sisi tupo, joto tu ndo linatumaliza. Meseji yako niliisoma nikacheka peke yangu, eti kwa vile umeshamaliza misimu yote minane ya Game of Thrones basi vitabu vya nini tena, si stori ni ileile. Nimeona nikuandikie kabisa, maana hili tukiongea kwenye simu bando litaisha hata sijafika katikati.

Nianze na lile ambalo sisi wa vitabu huwa hatupendi kulisema, kuna sehemu TV imemshinda Martin mwenyewe, yule mwandishi wa vitabu. Vile vitabu kila sura ina mtu wake, unaona anachokiona yeye na unawaza anachowaza yeye basi, sasa mfalme Robert hana sura hata moja, na mkewe, malkia Cersei, hapewi zake mpaka kitabu cha nne, kwa hiyo wale wawili wakijifungia chumbani kule mwanzoni wewe msomaji unabaki nje. TV ikaingia. Unaikumbuka ile sini ya msimu wa kwanza, wamekaa na mvinyo wao, mke anauliza hivi kweli kuna siku tungeweza kupendana, mume anamwambia hapana, je hilo linakupa nafuu au linakuumiza, na mke anajibu halinifanyi chochote? Kitabuni haipo hiyo. Na yule binti mdogo Arya kumhudumia Tywin, baba yake Cersei, kule ngome ya Harrenhal, haipo pia, kitabuni anamhudumia bwana mwingine, Roose Bolton, yule wa kujibandika ruba mwilini. Zile sini za Tywin na kale katoto mpaka leo nazirudia.

Ila Tyrion, yule mbilikimo mtoto wa Tywin, walinikosea.

Wewe unajua kwamba Tyrion akiwa kijana mdogo alioa msichana anaitwa Tysha, halafu ikaja kusemwa alikuwa malaya tu, kaka yake Jaime kamlipia. Aliyomfanyia baba yao huyo binti siwezi hata kuyaandika hapa. Sasa kwenye TV stori inaishia hapohapo. Kwenye kitabu cha tatu, usiku ule Jaime anamtorosha gerezani, anamwambia ukweli: yule hakuwa malaya, alikupenda kweli, baba ndo aliniamuru nikudanganye. Shoga! Yaani mtu ameishi miaka yote hiyo akijua hakuna mwanamke anayeweza kumpenda bila pesa, kumbe mmoja alimpenda na wakamwangamiza mbele yake. Hapo ndo anamgeuzia kibao Jaime, anamtupia maneno ya kumuumiza makusudi mpaka anamdanganya kwamba mfalme Joffrey kamuua yeye, halafu anapanda kwa baba yake na swali moja tu, Tysha alienda wapi. Ule mshale anaomuua nao baba yake ni wa Tysha. Kwenye TV ndugu wanakumbatiana wanaagana vizuri, sasa huko juu kwa baba anafuata nini? Na ndo maana huyo wa TV baadaye anakuwa mshauri mwenye busara anatoa nasaha tu, wakati wa kitabu cha tano ni mlevi, ana roho mbaya, kila anapofika anauliza lile swali lake. Hapendeki, lakini namuelewa zaidi.

Ile harusi nayo, ile Robb na mama yake Catelyn wanauawa karamuni, najua ulilia, mimi kwenye TV nilipiga kelele majirani wakasikia. (We ulizoea steringi hafi, tangu Ned, baba yake Robb, akatwe kichwa uliniununia mimi kana kwamba nimeandika mimi.) Kitabuni mke wa Robb hata hakuja harusini, hakuna mambo ya kuchomwa tumbo. Kinachokuua ni kwamba uko ndani ya kichwa cha Catelyn mpaka mwisho, ameshachanganyikiwa, anajikwaruza uso kwa kucha, na wanapomshika nywele wamchinje anachowaza ni kwamba wasimkate nywele, Ned anazipenda. Niliweka kitabu chini nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Halafu hadithi yake haiishii pale, ila hilo sikwambii, TV walilikwepa kabisa.

Na kule mwisho si unajua mwenyewe. Kitabu cha tano kilitoka 2011, mwaka uleule tamthilia ilipoanza, cha sita mpaka sasa hakijaonekana, wale jamaa wa TV wakaishiwa cha kufuata wakaanza kukimbia. Mwanzoni safari ya kutoka Winterfell kule kaskazini kwenda mji wa mfalme ilikuwa safari kweli, watu wanachoka, wanagombana njiani, mambo yanaharibika. Msimu wa saba kunguru anatumwa na barua kutoka Ukutani, ule ukuta wa mwisho wa kaskazini, Daenerys, yule malkia wa majoka, anapata barua, anapanda joka, anafika, episodi hiyohiyo. Aa jamani.

Najua utaniambia kwa nini uanze stori ambayo mwenyewe hajaimaliza. Sina jibu zuri, mimi mwenyewe nangoja tu kama mjinga. Lakini anza, cha kwanza nitampa mdogo wako akija huku, kimetoka jalada ila kurasa zote zipo. Usikunje kunje. Na ukifika kwenye mambo ya Dorne, ile nchi ya kusini, nipigie, maana ile Dorne ya kwenye TV inahitaji barua yake peke yake.

Wasalimie wote,
Mwanaidi